Bwana Kibao Hana Mama Mkwe

Neno lililoniponza ni "wastani".

Alilitamka mwanyumba wangu, Ijumaa usiku, tukiwa mezani nyumbani kwake Thun, mji mdogo wa Uswisi ulio ukingoni mwa ziwa, si mbali na Bern. Alikuwa anakata jibini vipande vyembamba. "Kesho tutakwenda mlimani," alisema. "Ni matembezi ya familia, ya wastani." Huyu bwana ni Mswisi, kamuoa dada wa mke wangu, na kwetu Tanga wanaume waliooa ndugu wawili huitana wanyumba hata kama mmoja wao katokea kwenye theluji. Kiswahili alijifunzia darasani, kwa hiyo hakosei ngeli hata akikasirika. Mtu wa namna hiyo akikwambia "wastani", unaamini kwamba kapima.

Mimi ni mtoto wa Tanga mjini. Mwinuko mkubwa mtaani kwetu ni tuta la barabarani. Mlima niliouzoea ni ngazi za ofisini, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, siku lifti ikiwa mbovu. Na hata huko hupumzika ghorofa ya pili nikijifanya nasoma matangazo ukutani. Ningeweza kusema goti linanisumbua. Kila mwanamume wa umri wangu ana goti la akiba kwa ajili ya mambo kama haya. Lakini mezani pale alikuwapo mama mkwe.

Aliyeoa ataelewa. Mbele ya mama mkwe mwanamume hali sana, hacheki sana, na hachoki kabisa. Unaweza kuugua, kwa kuwa ugonjwa ni wa Mungu, lakini kuchoka ni tabia. Na huyu wangu si mama mkwe wa tambarare. Kazaliwa na kukulia Lushoto, huko Usambara ambako jirani akikuita kutoka ng'ambo mnasikilizana vizuri, ila kumfikia ni kazi ya nusu siku, bonde moja na kilima kimoja. Alikuwa amekuja kumwona binti yake kwa miezi mitatu. Sisi tulikuja kwa wiki mbili za Agosti, mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka kumi na minne na kitindamimba wetu wa miaka sita.

"Huko juu kuna nini?" aliuliza mama mkwe.

"Kuna majani, mama," alijibu mwanyumba. "Kuna ng'ombe. Na ziwa."

"Halafu?"

Mwanyumba alifikiri kidogo. "Halafu tunarudi."

Mama mkwe alinigeukia. "Na wewe baba, utaweza?"

"Mlima, mama?" nikasema, na nadhani hata nilicheka. "Bila wasiwasi."

Viatu ndivyo vilivyoanza kunigeuka. Nilikuja na moka za kuendea kanisani na raba nyeupe za mtumba nilizozichagua mwenyewe pale Karume, Ilala, ambazo mwanyumba alizitazama kama daktari anayetazama picha ya mapafu. Akashuka handakini. Nyumba nyingi za Uswisi zina handaki chini, lenye mlango mzito wa zege, la kujikinga na bomu la nyuklia; na kwa kuwa bomu mpaka leo halijafika, watu huweka humo mvinyo, skii na vitu ambavyo roho inakataa kuvitupa. Alirudi na mabuti ya ngozi, mazito, yanayong'aa. "Ni kama mapya," alisema. "Sijayavaa tangu miaka tisa iliyopita." Yalikuwa namba arobaini na tano. Mimi huvaa arobaini na mbili. Nikaongeza soksi.

Jambo la pili lilikuwa hotipoti. Mwanyumba alimwandalia kila mtu mfuko wake: vipande viwili vya mkate, tufaha moja, chokoleti, chupa ya maji. Alivipanga mezani vikawa kama mahitaji ya askari. Mke wangu na dada yake hawakusema kitu. Waliamka saa kumi na moja alfajiri, na tulipoamka sisi wengine nyumba nzima ilikuwa inanukia iliki na bizari nyembamba. Pilau, kuku wa kukaanga pembeni, kachumbari kwenye kopo lake.

"Hii itakwenda wapi?" aliuliza mwanyumba, akiitazama hotipoti.

"Tunakokwenda sisi," alijibu mke wangu.

Swali lililobaki ni nani wa kuibeba, na jibu lake nililipata nilipoona mama mkwe ananitazama.

Tulipanda treni hadi Grindelwald, kijiji kilicho chini ya ule ukuta mweusi wa mlima Eiger, kisha tukaingia katika vijumba vya kioo vinavyopandishwa juu kwa waya. Humo nilifumba macho. Binti yangu alisema baba anaogopa, mama yake akasema baba anaomba dua. Wote wawili walikuwa sahihi. Tuliteremkia mahali panapoitwa First, mita 2,168 kutoka usawa wa bahari, na mimi nimezaliwa mita chache tu juu ya usawa huohuo. Mbele yetu palikuwa na nguzo, na kwenye nguzo kibao cha njano: Bachalpsee, dakika 50.

Hapakuwa na kilomita. Nikauliza kwa nini, na hilo lilikuwa kosa langu, maana kumbe nimegusa mapenzi ya mtu. Mwanyumba alieleza kwamba Uswisi ina zaidi ya kilomita 65,000 za njia za miguu zenye alama. Kibao cha njano kitupu ni njia ya kawaida. Ukiona rangi nyeupe, nyekundu, nyeupe, hiyo ni ya mlimani na uwe na viatu vya maana. Nyeupe, buluu, nyeupe, hiyo waachie wenye kamba. Mwaka 1979 wananchi walipiga kura wakaingiza njia za miguu katika Katiba ya nchi. Nilimwomba arudie. Katika Katiba? Katika Katiba. Sisi yetu mpya tumeizungumzia mpaka baadhi ya wazungumzaji wamestaafu, wenzetu wameshafika kwenye vichochoro vya ng'ombe.

Na zile dakika, aliendelea, hazikubuniwa. Zinakokotolewa kwa kanuni. Mahali tambarare huhesabiwa mtu anayekwenda kilomita 4.2 kwa saa, kisha hesabu inarekebishwa kwa kupanda na kushuka. Mapumziko hayamo.

"Hayamo kabisa?"

"Hayamo."

Nikaanza kumfikiria huyo mtu wa kilomita 4.2. Nilimwona waziwazi, mkavu kama ng'onda, kaptura ya kijivu, hana kitambi wala mjomba mwenye kitambi. Kiatu chake hakilegei kamba. Haingii porini kujisaidia. Hapigi picha, hasahau kofia garini, hana mtoto wa miaka sita anayeokota mawe. Nikampa jina la Bwana Kibao, na kuanzia hapo hakutuacha siku nzima, isipokuwa kwamba yeye kila mara alikuwa ameshafika.

Dakika zake hamsini sisi tulizimaliza kwa saa mbili na robo.

Mlima wenyewe siulaumu. Kutoka First mpaka ziwani njia ni pana, inapanda karibu mita mia moja tu, na tulipitwa na mama anayesukuma kigari cha mtoto. Tatizo ni kwamba familia haina mwendo, ina vituo. Kituo cha kwanza kilikuwa filimbi. Katika majani yale huishi mnyama anayeitwa kwa Kijerumani Murmeltier, mnene, wa kahawia, ukimwona unamkumbuka pimbi wa Kilimanjaro, ingawa ukoo wake ni wa kindi. Akiona hatari hupiga mluzi mkali, na wenzake wote huzama mashimoni. Mwanangu alipousikia mluzi wa kwanza alisimama palepale, mikono juu. "Ofsaidi!" Ukapigwa wa pili, akasimama tena. Hakuwa tayari kuendelea mpaka mwamuzi aruhusu. Mwanyumba akamweleza kwamba mnyama anawaonya wenzake labda kuna tai. Tukatazama juu wote. Hakuna tai. "Basi anawaonya kuhusu baba," alisema binti yangu.

Kituo cha pili kilikuwa salamu, na hiki hakikuwa kituo kimoja. Katika milima ya Bern watu wakipishana njiani husalimiana hata kama hawajuani, neno moja tu: Grüessech. Mama mkwe alilifurahia sana, lakini kwake salamu ni mlango. Ukishabisha lazima uingie. Kijana wa kwanza alipomwambia Grüessech, mama mkwe alisimama, akaweka kanga yake sawa, akajibu: "Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Wazazi hawajambo? Huko mtokako mvua imenyesha?" Yule kijana, mpole, alidhani anaulizwa njia. Akatoa ramani. Wakainama wote wawili juu ya ramani, mama mkwe akimwuliza habari za wazazi, kijana akimwonyesha kituo cha mabasi. Waliagana kwa kushikana mikono. Wakaja wazee wawili na fimbo zao. Wakaja wasichana wa shule, kumi na moja, na kila mmoja aliulizwa mwenyewe. Shemeji alikuwa anatafsiri mpaka sauti ikamkauka. Bwana Kibao, ningekadiria, alikuwa ameshafika ziwani, kanawa uso, kaondoka.

Mimi nami nilikuwa na vituo vyangu, ila nilivipa jina la heshima. Niliviita mandhari. Hotipoti ilikuwa imehama katikati ya mgongo, mfuniko unanigonga uti, mabuti yanakwenda mbele nami nayafuata nyuma, na pumzi zangu zilikuwa zinatoka kwa mafungu. Kila baada ya hatua sitini nilisimama, nikaweka mikono kiunoni na kusema, "Maa-sha-Allah, tazameni." Mtu akisifia kazi ya Muumba hakuna anayemharakisha. Nilisifia kilele kilichokuwepo, nikasifia wingu, nikasifia maua ya njano.

"Baba," alisema mama mkwe mara moja akiwa nyuma yangu, "unapenda sana milima."

"Sana, mama."

"Naona. Maana hata ule ukuta wa mawe umeutazama dakika tano."

Katika kituo kimojawapo mwanyumba alinifundisha jambo ambalo nakiri sikulijua. Nilidhani Alps maana yake ni milima. Kumbe kwa wenyeji alp ni malisho yenyewe, yale majani ya juu ambako ng'ombe hupandishwa mwanzo wa kiangazi na kuteremshwa Septemba, wakati mwingine wakiwa wamevishwa maua vichwani kama maharusi. Mchungaji hukaa huko miezi yote hiyo, anakamua, anatengeneza jibini kwenye kibanda, na chini bondeni wenzake wanakata majani ya kulisha mifugo wakati wa baridi. Mwishoni mwa 2023 UNESCO iliutia msimu huo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

"Wachungaji wamepewa cheti kwa kuhama na ng'ombe?" aliuliza mama mkwe.

"Ndiyo, mama."

Hakusema neno. Nadhani sote Watanzania tuliokuwapo tulikuwa tunawakumbuka wachungaji fulani ambao wakihama na ng'ombe hawapewi cheti.

Ziwa lile, Bachalpsee, lipo mita 2,265, na picha zake ndizo zilizo kwenye kalenda: maji yametulia, na ndani ya maji vilele vya theluji vimesimama kichwa chini. Mke wangu alibeba kitenge kipya kwa ajili ya picha hiyo. Tulipofika kulikuwa na ukungu. Sisemi ukungu wa kupita; nasema shuka. Nilijua pana ziwa kwa sababu mwanangu alirusha jiwe, tukasikia chubwi.

Mwanyumba hakukata tamaa. Alisimama ukingoni, akanyoosha mkono kwenye weupe. "Pale ni Wetterhorn, mita 3,692." Tukatazama pale. "Hapa katikati ni Schreckhorn, mita 4,078. Na kule nyuma Finsteraarhorn, mita 4,274, huo ndio mrefu kuliko yote katika milima ya Bern." Tukageuza shingo kwa pamoja. Ilikuwa kama sherehe ambayo mshereheshaji anawatambulisha waalikwa rasmi na viti vyao vipo vitupu.

"Wape salamu zetu," alisema mama mkwe.

Tulipiga picha. Ninayo hadi leo. Inaonyesha watu saba waliopangwa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa.

Pilau ilikuwa iliwe hapo. Mke wangu alikuwa ameshatandika kitenge, mimi nimeshatua mzigo na kujisikia mwepesi kiasi cha kuweza kuruka, ndipo manyunyu yakaanza, na baridi ikaja na upepo wa kukata masikio. Mwanyumba alisema tusikae, tuteremke upande wa Waldspitz, hadi kituo cha Bort, tukapande vijumba huko. Tulikula matufaha tumesimama. Hotipoti ikarudi mgongoni kwangu ikiwa na uzito uleule, na mimi sikuwa na nguvu zilezile.

Waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, hawakuwahi kuvaa mabuti ya miaka tisa. Ngozi ilikuwa nzima kabisa. Kumbe katikati ya soli za viatu hivi kuna tabaka laini la plastiki ambalo likikaa muda mrefu bila kuvaliwa huliwa taratibu na unyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa kimetunzwa namna gani. Tena kuvaa mara kwa mara ndiko kunakokisaidia. Haya nilielezwa baadaye. Wakati ule nilichokijua ni kwamba buti la kulia limeanza kupiga makofi. Pa, pa, pa. Hatua ishirini mbele, mguu uliendelea na safari, soli ikabaki imeshikilia kwa kisigino tu, mdomo wazi, kama mamba anayeota jua.

Sote tukasimama kuitazama. Mwanyumba aliona haya mpaka shingo ikawa nyekundu. Shemeji alikuwa na plasta za vidonda, akatoa mbili. Mama mkwe alisema "subirini", akafungua mkoba wake, akapekua chini ya miwani, rozari, kitambulisho cha taifa na pipi za tangawizi, akatoa mpira. Ule mpira wetu mweusi, uliochanwa kwenye tyubu ya baiskeli, tunaofungia magunia, vitanda na kuku. Ndio uliofunga begi lake kutoka Lushoto mpaka uwanja wa ndege wa Zürich, na hakuona sababu ya kuuacha nyumbani siku ya safari.

Niliinama kufunga. Sasa, jasho ni chumvi, na ng'ombe hupenda chumvi kuliko anavyopenda utu wako. Mimi nilikuwa nimetoka jasho tangu saa nne asubuhi. Sikusikia kengele, au niliisikia nikadhani ni ya ng'ombe mwingine, maana bonde zima lilikuwa linalia kengele. Nilichokisikia ni ulimi. Ulimi wa ng'ombe ni msasa uliochovywa kwenye uji. Ulianzia kwenye kola ukapanda hadi kisogoni, kwa utulivu, kama kinyozi anayejua kazi yake. Niliruka. Katika kuruka nikayumba, na katika kuyumba nikashika kitu cha karibu ili nisianguke, na kitu cha karibu kilikuwa waya mwembamba mweupe uliokuwa unasema tik, tik, tik pembeni mwa njia.

Umeme wa uzio wa ng'ombe hauui. Unapiga mara moja, unakuacha, unahesabu sekunde, unapiga tena. Katika ile mara ya kwanza nilipiga kelele ya neno la kwanza ambalo kila binadamu amefundishwa.

"MAMA!"

"Abee, mwanangu," akaitika mama mkwe, nyuma yangu, kwa upole kabisa.

Nilikaa chini kwenye majani. Ng'ombe alinitazama. Familia ilinitazama. Binti yangu alikuwa na simu mkononi, na kwa jinsi alivyokuwa ameishika nilijua kwamba tukio hili limeshaanza safari kwenda Tanga. Heshima ya miaka kumi na sita ya ndoa ilikuwa imelala pale, pamoja na soli.

Mama mkwe akaja, akakaa kwenye jiwe kando yangu. Alisubiri wengine watangulie kidogo.

"Umechoka?" aliuliza.

"Nimechoka, mama."

Akashusha pumzi ndefu, akavua kiatu kimoja, akaanza kusugua vidole. "Alhamdu— tumsifu Yesu," alisema. Kukaa sana na watu wa Tanga kumemchanganya. "Mimi tangu kwenye zile filimbi miguu si yangu. Nikasema siwezi kutangulia kusema, mkwe ataniona nimezeeka. Nakusubiri wewe, wewe husemi. Unasifia mawe tu."

"Lakini mama, nilikuona unasimama na watu unaongea, nikadhani una nguvu tele."

"Wale watu?" Alinitazama kwa huruma. "Baba, wale vijana nawajua mimi? Wasichana kumi na mmoja, wazazi wao wananihusu nini? Nilikuwa napumzika."

Tulicheka mpaka yule ng'ombe akahama. Nikamweleza habari za Bwana Kibao, kilomita zake 4.2 na mapumziko yasiyohesabiwa. Alinisikiliza kwa makini sana, akafunga kiatu, akauliza swali moja: "Huyo bwana ana mama mkwe?" Nikasema hana. "Nilijua," alisema.

Kuanzia hapo tulipumzika waziwazi, kama watu wenye haki zao.

Ndiyo maana tulipofika kwenye kibanda cha jibini hatukuwa na haraka, ingawa mwanyumba alikuwa anatazama saa. Nje ya kibanda palikuwa na friji ndogo, na juu yake kisanduku cha chuma chenye tundu. Unachukua jibini, unatumbukiza hela, unakwenda zako. Muuzaji hayupo. Mama mkwe alinusa kipande kimoja akasema kinakaribia jibini ya kule Irente, na kutoka kwake hiyo ni sifa kubwa. Kiliandikwa faranga kumi na nne.

"Muuzaji yuko wapi?"

"Yuko na ng'ombe, mama. Unaweka tu hela humu."

"Na bei nazungumza na nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mama mkwe hajawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza, si kwa uchoyo, bali kwa sababu kununua bila kuzungumza ni kama kuokota. Alikaa kwenye benchi kumsubiri muuzaji. Zilipita dakika kumi. Mwishowe akatoa noti ya faranga ishirini, akaitumbukiza, kisha akanyoosha kiganja mbele ya kisanduku. Kisanduku hakikumrudishia chenji. Ilibidi mwanyumba aandike barua, kwa Kijerumani, kwa mwandiko wa mtu anayesaini hati ya kiwanja: tumechukua jibini ya kumi na nne, tumeweka ishirini, tunadai sita, Mama wa Lushoto. Tuliibana chini ya kisanduku kwa jiwe mojawapo la mwanangu. Mfukoni nilikuwa nayo mengine kumi na tisa.

Bort tulifika dakika nne baada ya kijumba cha mwisho. Waya ulikuwa umesimama kimya hewani. Nguzo ilikuwepo, kibao cha njano kilikuwepo, na Grindelwald, kwa mujibu wa yule bwana asiye na mkwe, ilikuwa zaidi ya saa nzima kwa miguu. Mwanyumba alifungua mdomo. Nadhani alitaka kusema kipande hiki nacho ni cha wastani. Mke wake alimtazama, akaufunga.

Hiyo saa nzima siielezi. Mwanangu aliimaliza amelala mabegani kwa mwanyumba. Buti la kushoto nalo lilifungua mdomo, na mpira ulikuwa mmoja.

Ilikuwa usiku, kwenye treni ya kutoka Interlaken kuelekea Thun, ndipo hatimaye hotipoti ilipofunguliwa. Hotipoti za Kariakoo zina siri yake. Pilau ilikuwa bado na uvuguvugu. Harufu ilitembea behewa zima. Watu waliinua vichwa kutoka kwenye simu zao, mmoja baada ya mwingine. Mke wangu aligawa kwenye vifuniko vya makopo, mwanyumba akala kwa mkono, haraka, bila kupatanisha sarufi yoyote.

Kondakta akaja. Nilifikiri tunagombezwa. Alikagua tiketi zetu saba kwa utaratibu, akatazama kuku, akatazama mabuti yangu, kisha akasema maneno mawili: "En Guete."

"Anasemaje?" aliuliza mama mkwe.

"Anatutakia chakula chema, mama," alisema shemeji. "Ni kama kwetu mtu akikuta watu wanakula, akaambiwa karibu, akajibu starehe."

"Kajibu starehe?" Mama mkwe alikuwa ameshachagua paja, kubwa, na ameshalinyanyua juu ya hotipoti. "Mbona sijamkaribisha?"